Nilivyopanga safari ya Skellig Michael mimi na Mama

Kuwa na tiketi ya Skellig Michael si kufika Skellig Michael. Kisiwa hiki ni mwamba uliochongoka, wenye urefu wa mita 218 kutoka usawa wa bahari, kiasi cha kilomita 12 kutoka pwani ya Kerry, kusini-magharibi mwa Ireland. Hakina bandari. Kuna gati dogo tu, na maji hupanda na kushuka pale hata siku iliyotulia. Nahodha huamua asubuhi ileile. Akisema leo hapaendeki, basi, hata kama jua limewaka nchi nzima. Kwa hiyo mipango yangu yote niliianzia hapo: nilichukulia kwamba siku niliyokata tiketi itaharibika.

Ninaishi Limerick, nafanya kazi hospitali, na Mama alikuwa anakuja kunitembelea kutoka Tanga. Nilitaka sana tuende wote. Nimekulia karibu na magofu ya Tongoni, mji wa kale wa Waswahili kule Tanga, na tangu niliposoma kwamba watawa wa Kikristo walijenga monasteri juu ya mwamba ule, kati ya karne ya 6 na ya 8, nikawa sina amani mpaka nikaone. Watu waliwezaje kuishi pale, bila chemchemi, wakinywa maji ya mvua waliyoyakinga kwenye matangi ya mawe?

Tarehe nilizichagua kwa kufuata ndege wa baharini. Boti hushusha watu kisiwani kuanzia katikati ya Mei hadi mwisho wa Septemba hivi, lakini pafini, wale ndege wanene wenye mdomo wa rangirangi, huondoka mapema Agosti wakishalea makinda. Ukienda Septemba utakuta mawe tu. Nilichagua Juni.

Nafasi ni chache kuliko watu wanavyodhani. Boti zenye leseni ya kushusha abiria ni 15, kila moja watu 12, hivyo haizidi watu 180 kwa siku. Niliwaandikia manahodha wakati wa baridi, miezi kabla ya msimu, na kila mmoja nilimuuliza mambo yaleyale: boti isipoondoka fedha inarudi? Unanijulisha saa ngapi? Siku ikiharibika unaweza kunisogeza mbele? Niliyempata alinijibu yote bila kuzungukazunguka, nikamlipa. Bei inazidi euro 100 kwa mtu mmoja, kwa hiyo usione haya kuuliza. Nilichukua siku ya mwanzo kabisa ya likizo yangu, ili zilizobaki ziwe za akiba. Ukiweka boti siku ya mwisho kabla ya kurudi kazini, bahari ikichafuka umekosa.

Kwa Mama ilibidi nifikirie tofauti. Magoti yake hayawezi ngazi 618 za mawe, zisizo na kishikio sehemu kubwa ya njia, na mwaka 2009 wageni wawili walianguka kisiwani kwa nyakati tofauti wakafa. Sikutaka hata kumshawishi ajaribu. Zipo boti nyingine ambazo hazishushi mtu: huzunguka Skellig Michael na jirani yake, Little Skellig, kisha hurudi. Ni nafuu zaidi, na hazitegemei gati, kwa hiyo huweza kuondoka hata siku ambazo kushuka haiwezekani. Tukakubaliana kwamba mimi nitapanda, kisha siku nyingine tutazunguka pamoja.

Boti nyingi hutoka Portmagee, kijiji kidogo ambacho vyumba vyake hujaa mapema mno. Tulilala Cahersiveen, si mbali kwa gari. Asiye na gari anaweza kuchukua treni mpaka Killarney, halafu basi, ila mabasi ya upande ule ni ya kuhesabu, na boti haimsubiri mtu.

Wiki ile nilikuwa natazama utabiri wa mvua na jua kwenye simu. Mama, ambaye baba yake alikuwa mvuvi, aliniambia, "Mwanangu, acha kutazama mawingu. Upepo wa leo si mawimbi ya leo." Alikuwa sahihi kabisa. Mawimbi marefu yanayopiga lile gati huweza kuwa yamezaliwa na dhoruba iliyo mbali kule Atlantiki, siku kadhaa nyuma. Tangu hapo nikawa nafungua utabiri wa bahari wa Met Éireann, idara ya hali ya hewa, na kusoma kimo cha mawimbi kwenye boya la M3, lililotiwa nanga baharini kusini-magharibi mwa nchi. Usiku wa kuamkia siku yetu kimo kilikuwa kinapanda. Asubuhi simu ikaja: leo hapana.

Tulishakuwa na la kufanya. Tulikwenda Ballinskelligs, ambako watawa walihamia walipokiacha kisiwa, karne ya 12 au ya 13. Magofu ya nyumba yao ya bara yapo kando ya bahari, katikati ya makaburi. Ningemshauri kila mtu apite pale kwanza. Mama alisimama akisoma majina ya makaburini, akasema hawa hawakuwa na haja ya kwenda mbali na bahari.

Nahodha alinisogeza mbele kama alivyoahidi. Nilimeza kidonge cha kichefuchefu kabla ya kupanda boti, na nilikuwa na viatu vya kamba vyenye soli ya kushika, koti la mvua, maji, chakula, na mfuko wa mgongoni ili mikono yote iwe huru. Kisiwani hakuna duka, hakuna choo cha wageni, hakuna pa kujikinga mvua. Muda wa kukaa ni kama saa mbili na nusu, na hapo kuna jambo moja ningependa mlishike: pandeni moja kwa moja mpaka juu, pafini muwaache wakati wa kushuka. Watakuwapo tu, wamesimama kwenye mlango wa mashimo yao kando ya ngazi. Walioanza kupiga picha chini walifika juu wakati sisi tunateremka.

Juu kuna vibanda sita vya mawe vya mviringo na nyumba mbili ndogo za sala. Kwetu Tongoni matumbawe yameshikwa kwa chokaa. Hapa hakuna chokaa wala udongo; kila duara la mawe limesogezwa ndani kidogo kuliko la chini yake mpaka kuta zikakutana juu. Nje kibanda ni duara, ndani ni pembe nne, na ni pakavu. Mwongoza wageni wa serikali anayekaa kule wakati wa msimu alitueleza habari za mtawa Etgal, aliyetekwa na Waviking, maharamia wa baharini kutoka kaskazini, mwaka 824 akafa kwa njaa na kiu. Alitukataza pia kuegemea kuta, kwa sababu ndani ya nyufa zake hutaga ndege wadogo weusi wa baharini ambao hutoka usiku tu. Nilisimama mlangoni mwa kibanda kimoja nikalia kidogo, sitaficha. Mikono iliyopanga mawe yale ilifanya kazi kwa upendo.

Siku ya kuzunguka na Mama ilikuwa yake kabisa. Little Skellig hairuhusiwi kushukwa. Ni ya membe weupe wakubwa, makumi ya maelfu, na kutoka mbali mwamba unaonekana umepakwa chokaa. Walikuwa wakijirusha baharini kwa kichwa, mabawa wameyakunja. Mama alinituma nimuulize nahodha kama wavuvi wa huku huwafuata ndege ili wapate samaki. Nahodha akasema ndiyo, wakitafuta makareli hutazama wanakojitupa. Basi wakaanza kuzungumza wao wawili habari za nyavu, mimi nikiwa mkalimani, mpaka tukafunga kamba Portmagee.