Mapafu si chombo: ugomvi wa maji ulivyoisha barazani kwetu Mikindani

Kwa miezi miwili hivi mchezo wetu ulikuwa umeharibika, na aliyeuharibu ni mimi niliyekuwa nauongoza. Naandika kwa sababu ushauri niliopewa wakati ule ulizidi kuuharibu, na sitaki mwongozaji mwingine apitie njia ile.

Tunacheza Dungeons & Dragons, toleo la tano, mchezo wa hadithi ambapo kila mchezaji ana mhusika wake, dadu huamua yanayompata, na mwongozaji husimulia na kuwachezea maadui. Tuko watu watano, barazani kwa shemeji yangu Mikindani, Mtwara, Jumamosi moja tunacheza, moja tunapumzika. Mchezo ni wa Marekani, ulitoka mwaka 1974, lakini kwetu unachezwa kwa Kiswahili kitupu, na mambo yanatokea pwani yenye mikoko na maharamia. Kanuni za msingi zinapatikana bure, tangu 2023 ziko chini ya leseni ya Creative Commons inayomruhusu yeyote kuzitumia, kwa hiyo asikudanganye mtu ukaanza na kununua vitabu. Dadu tuliagiza Dar, elfu ishirini na kitu pamoja na nauli ya basi. Neno "uchawi" tuliliacha siku ya kwanza kabisa. Jirani akisikia usiku "nimemrushia uchawi, kafa", hilo si jambo dogo. Tunasema uganga.

Sasa, upo uganga mdogo wa ngazi ya kwanza wa kuumba maji. Kwa tafsiri yetu unasema hivi: unaumba hadi galoni 10 za maji safi ndani ya chombo kilicho wazi, umbali usiozidi futi 30, au maji yanyeshe kama mvua na kuzima moto. Anayecheza kuhani kwetu ni mwalimu wa hesabu, na anajua kubana hoja. Akaniuliza, "Kaka, mapafu si chombo? Na haramia kapanua mdomo anapiga kelele. Hapo si wazi?" Baraza zima likapiga makofi. Nikasema sawa.

Kuanzia hapo kila adui alikufa kwa maji. Nilikuwa na nahodha wa maharamia niliyemtengeneza wiki mbili, maneno yake nimeyaandika kwenye daftari. Alifungua mdomo kuwakaribisha wageni wake, akafa. Wachezaji wengine walikaa wanatafuna korosho tu, maana hawakuwa na kazi.

Nikaomba ushauri kwa waongozaji wenzangu kwenye kundi la simu. Mmoja akasema ufute huo uganga. Mwingine akasema waongezee maadui uhai, yaani pointi zinazopunguzwa na madhara, mara mbili, kana kwamba anayejazwa maji mapafuni anahesabiwa uhai. Wa tatu ndiye niliyemsikiliza, na hadi leo nina kinyongo naye. "Wafanyie na wao," akasema, "watajifunza."

Nikawafanyia. Jumamosi ile nilimleta kuhani wa maharamia, na zamu yake ilipofika nikasema amemtazama yule shujaa wa upanga na mapafu yake yamejaa maji. Mchezaji wake ni rafiki yangu tangu shule ya msingi. Shujaa wake alikuwa na miezi mitano, ana jina, ana deni kwa muuza samaki, ana mama aliyemwahidi atarudi. Rafiki yangu akauliza, "Dadu narusha lini?" Nikamwambia hakuna dadu, ndivyo uganga ulivyo. Akaniangalia kwa muda mrefu. Akakunja karatasi yake mara nne, akaitia mfukoni, akaaga, akapanda bodaboda kurudi Shangani. Tulibaki wanne na hakuna aliyesema kitu. Nilijua nimekosea kabla mlio wa pikipiki haujapotea.

Jibu nililipata kijiweni, chini ya mwembe, kwenye bao. Nilimwamkia mzee mmoja ambaye hashindwi kirahisi, nikamuuliza wakibishana sheria wanaamuaje.

"Kete yako ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, unafanyaje?"

"Nazoa, naendelea."

"Na umekula, ikakuangukia nyumbani, lile shimo lako la pekee, ingali nyumba?"

"Nalala nikitaka, naishia hapo, au nasafiri, nazoa niendelee."

"Basi nyumba imepewa sheria yake. Na hayo mengine ni mashimo vilevile. Nani kakwambia nayo ni nyumba?"

Niliondoka pale karibu nakimbia. Mapafu yana uwazi ndani, kweli, lakini nani kasema ni chombo? Nilisoma kanuni upya usiku ule, nikaona kitu ambacho kilikuwa mbele yangu siku zote: uganga unaodhuru huandika unavyodhuru. Kwa kawaida unataja dadu za madhara, au nafasi ya kujiokoa, yaani dadu anayorusha mlengwa ili aepuke, au vyote. Huu wa maji hautaji hata kimoja. Kisha nikaupima na wakubwa zake. Upo uganga uitwao Neno la Kuua, nao unaua papo hapo bila nafasi ya kujiokoa. Uko ngazi ya tisa, ya juu kabisa, mganga haupati kabla ya ngazi ya 17 yake mwenyewe, na hata huo haumwezi mwenye uhai zaidi ya 100. Mimi nilikuwa nimempa kuhani wa ngazi ya tatu kitu kikali kuliko hicho, kwa bei ya kujaza ndoo.

Siku hizi tafsiri ikigombaniwa nauliza tu: wenzake wa ngazi ileile wanafanya nini?

Nilikwenda Shangani mwenyewe kuomba radhi. Shujaa alirudi, tukasema muuza samaki alimkuta ufukweni akamsukasuka akatapika maji. Na nafasi za uganga, yaani mara unazoweza kuutumia kabla ya kupumzika, nikazifanya korosho zilizokaangwa: ukitumia moja, inaliwa mbele yako. Kuhani wa ngazi ya tatu ana nne za ngazi ya kwanza na mbili za ngazi ya pili. Ukiona sahani inapungua unafikiri mara mbili, kuliko ukifuta alama kwa penseli.

Mwalimu hakununa. Alikaa kimya wiki mbili, kisha usiku mmoja, maharamia wamelala na ngalawa yao imefungwa kwenye mkoko, akaniambia kwa upole, "Kaka, ngalawa si chombo? Tena kiko wazi."

Nilifikiri sana. Pwani hii chombo ni kitu kinachokwenda baharini tangu enzi za babu zetu, na ngalawa haina kifuniko. Galoni 10 ni lita 38, hazijazi ndoo mbili. Nikasema sawa, na safari hii nilikuwa na hakika. Akala korosho ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Lita mia na hamsini na kitu zikatulia ndani ya ngalawa, ikadidimia, na mlinzi akaamka miguu imelowa. Rafiki yangu wa Shangani akachukua dadu.