Egnogi ya nyumbani: kazi yote ni joto la sufuria

Egnogi ya boksi inayojaa kwenye friji za maduka ya Marekani kuanzia Novemba inabanwa na kanuni ya chakula ya nchi hiyo: mafuta ya maziwa yasipungue asilimia 6, na kiini cha yai, ukitoa maji yake, kisipungue asilimia 1 ya uzito wote. Asilimia moja tu. Ndiyo maana ukiionja husikii yai. Unasikia sukari, kungumanga ya unga na uzito wa kutiwa. Ya nyumbani kwa vipimo vya hapa chini ina karibu mara tano ya kiini hicho, na uzito wake unatokana na yai lililopikwa likaiva sawasawa, basi.

Kwa asiyeijua, egnogi ni kinywaji kizito cha maziwa, krimu, viini vya mayai, sukari na kungumanga, kinachonywewa baridi msimu wa Krismasi na mwaka mpya, hasa Marekani na Kanada. Chimbuko lake ni Uingereza, ambako tangu enzi za kati watu walikunywa maziwa ya moto yaliyogandishwa kwa mvinyo au bia na kutiwa viungo. Kilipofika kwenye makoloni ya Amerika, ramu ya visiwa vya Karibiani ndiyo ilikuwa pombe ya bei nafuu, ikaingia kikombeni. Mpaka leo wanaotia pombe hutia ramu, brandi au bourbon, yaani wiski ya Kimarekani. Wasiotumia pombe nao hawakosi kitu wakijua la kufanya, nami nitalieleza hilo kwa urefu, maana Waswahili wengi wa ughaibuni hawanywi na bado watoto wao wanaitaka egnogi kila Desemba.

Vipimo vya kupata takriban lita moja, yaani vikombe vidogo saba au vinane: viini 6 vya mayai makubwa, sukari gramu 100, maziwa yenye mafuta yake yote mililita 500, krimu nzito ya kupambia keki mililita 250, kungumanga iliyokwaruzwa wakati huohuo nusu kijiko cha chai, chumvi ya kushika kwa vidole viwili, na vanila kijiko kimoja cha chai. Pombe, kwa anayeitaka, mililita 120 hadi 150.

Yai linaloitwa kubwa Marekani lina uzito wa gramu 57 hivi pamoja na ganda lake, na kiini chake ni gramu 18 hivi. Ukiwa na mayai ya kienyeji, ambayo mara nyingi ni madogo, usihesabu viini. Vipime mpaka vifike gramu 105 au 110. Vikipungua egnogi itakuwa maji, na hapo watu hukimbilia kuongeza krimu. Krimu haiwezi kufanya kazi ya kiini. Inaongeza mafuta, lakini haishiki.

Sasa joto. Namba mbili tu za kukariri: 71 na 82. Idara ya kilimo ya Marekani inashauri mchanganyiko wa mayai na maziwa upikwe mpaka nyuzi 71 za Selsiasi, kwa sababu hapo salmonela, bakteria wa kuharisha wanaopatikana kwenye mayai, hufa. Kiini peke yake huganda kwenye nyuzi 70 hivi, lakini kikichanganywa na maziwa na sukari kinastahimili zaidi, kwa hiyo unapata nafasi ya kukifanya kizito bila kukiharibu. Ukivuka 82 umeingia kwenye hatari, na ukifika 85 au zaidi protini za yai zinakazana, zinajikusanya vipande vipande na kukamua maji. Hapo egnogi imekatika, kama linavyokatika tui lililoachwa lichemke bila kukorogwa. Lenga nyuzi 76 hadi 78. Imeshavuka ya usalama, na ya kuharibika bado iko mbali.

Nunua kipimajoto cha jikoni chenye ncha, cha kidijitali. Kihakikishe kwa barafu: jaza glasi barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo, koroga, chomeka ncha katikati, kisome 0. Usikihakikishe kwa maji yanayochemka kabla hujajua uko juu kiasi gani. Dar es Salaam maji huchemka kwenye 100, ila Nairobi huchemka kwenye 94 hivi na Denver, Marekani, kwenye 95, na mtu anaweza kukitupa kipimajoto kizima akidhani ni kibovu.

Tumia sufuria yenye kitako kizito. Ile nyembamba ya alumini inapata moto sehemu moja, na yai linaganda pale chini wakati juu bado ni vuguvugu. Mimina maziwa, tia chumvi na nusu ya kungumanga, weka kwenye moto wa wastani mpaka yatoe mvuke na vipovu vidogo vianze kuzunguka ukingoni. Usiyaache yachemke.

Yakiwa jikoni, piga viini na sukari kwenye bakuli kwa mchapo wa waya, dakika mbili, mpaka rangi ipauke na ukiinua mchapo viteremke kama utepe. Watu wengi hukosea hapa bila kujua. Humwaga sukari juu ya viini kisha huenda kufanya jambo jingine. Sukari inavuta maji ya kiini, na baada ya dakika chache unakuta punje ngumu za njano zisizoyeyuka tena hata ukipiga mpaka mkono uchoke. Sukari ikigusa kiini, mchapo uwe mkononi tayari.

Sasa yapeleke maziwa kwenye mayai, usipeleke mayai kwenye maziwa. Chota upawa mmoja wa maziwa ya moto, mililita 100 au 120, yatiririshe taratibu kwenye viini huku mkono mwingine unapiga bila kusimama. Rudia upawa wa pili. Viini vimeshazoea moto. Vimimine vyote kwenye sufuria, punguza moto uwe mdogo, shika mwiko wa mbao.

Kuanzia hapa usitoke jikoni. Koroga kwa kukwangua kitako chote, na pembeni pale ambapo kitako kinakutana na ukuta wa sufuria, maana pembeni ndipo mabonge yanapozaliwa. Itachukua dakika sita hadi kumi. Angalia povu: mwanzoni uso wote umefunikwa na povu jeupe la mchapo. Likianza kupungua na kuacha uso laini unaong'aa, uko karibu. Mwiko unakuwa mzito kidogo mkononi, mvuke unaongezeka. Uinue mwiko, ugeuze, pitisha kidole mgongoni mwake: mstari ukibaki wazi bila kingo zake kutiririka, imeiva. Kipimajoto kitakuonyesha 76 au 77. Kisimamie katikati ya mchanganyiko, kisiguse kitako, la sivyo unapima joto la chuma.

Hapohapo iondoe motoni na umimine krimu yote, ikiwa ya baridi kutoka kwenye friji. Hii ndiyo sababu ya kutoipika krimu pamoja na maziwa tangu mwanzo: mililita 250 za baridi zinashusha joto kwa ghafla na yai linaacha kuiva. Ukiiacha sufuria hivihivi, moto uliojificha kwenye kitako unaendelea kupika dakika nzima baada ya kuzima jiko, na egnogi iliyokuwa nzuri inakatika mbele ya macho yako.

Ichuje kwa chujio lenye matundu madogo. Hata mpishi mzoefu hupata nyuzi mbili tatu za ute, na hazipendezi kinywani. Tia vanila na kungumanga iliyobaki. Weka bakuli ndani ya karai la maji na barafu, koroga mpaka iwe vuguvugu, kisha ifunike na kuiingiza kwenye friji yenye nyuzi 4 au chini yake. Kuanzia inapotoka motoni mpaka inapoingia kwenye friji zisipite saa mbili. Ikiwa umepika lita nne kwa ajili ya wageni, usiziache kwenye chungu kimoja. Zigawe kwenye vyombo vya kina kifupi, kwani katikati ya chungu kikubwa hubaki vuguvugu kwa saa nyingi na hapo ndipo vijidudu hustawi. Ukitaka isifanye utando, laza karatasi ya plastiki ya jikoni iguse uso wenyewe wa egnogi.

Ipe saa nne kwa uchache. Usiku mzima ni bora zaidi: inazidi kushikana, na harufu ya kungumanga inaingia kwenye mafuta.

Ikikatika kidogo wakati wa kupika, usiimwage. Iondoe motoni mara moja, tia krimu ya baridi, subiri ipoe kiasi cha kushikika, kisha isage kwenye blenda sekunde ishirini na kuichuja. (Usisage ikiwa ya moto sana na kifuniko kimebana, mvuke unakirusha na unaungua.) Itarudi laini, japo nyepesi kidogo. Ikiwa imefanana na mayai ya kuvuruga, haina dawa. Na ikiwa nyepesi mno baada ya kupoa, maana yake hukufika joto linalotakiwa. Irudishe kwenye moto mdogo ukikoroga mpaka 77, ipoze tena, kabla hujatia pombe.

Kungumanga inastahili aya yake. Nunua punje nzima, siyo unga. Harufu yake imo kwenye mafuta yanayopotea hewani, na unga uliokaa kwenye kichupa tangu mwaka jana unabaki na uchungu na rangi tu. Punje nzima ikifunikwa vizuri inakaa miaka. Ikwaruze kwenye kikwaruzo chenye meno madogo kabisa. Nusu kijiko ni chini ya robo ya punje moja. Mwenye jamaa Zanzibar amwagizie zile zilizo bado ndani ya ganda lao jeusi, na kama basibasi yake, ule utando mwekundu unaozunguka ganda, imekuja nayo, kipande kidogo ndani ya maziwa ya moto kinaleta harufu laini zaidi. Lakini usizidishe ukidhani utamu utaongezeka. Vijiko viwili vya chai kwa mtu mmoja vinatosha kumletea kichefuchefu, moyo kwenda mbio na kuweweseka. Kwenye sufuria ya lita moja, nusu kijiko na ya kunyunyizia juu, imetosha.

Kwa wanaotia pombe: subiri egnogi iwe baridi kabisa, kisha itie kidogo kidogo ukikoroga. Kwenye moto harufu yake inapaa, na ukiimwaga kwa pupa inaweza kuikata. Mililita 150 za pombe ya asilimia 40 ndani ya lita moja zinatoa kinywaji cha asilimia 6 hivi. Kiasi hicho hakihifadhi chochote, kwa hiyo usijidanganye kwamba pombe imeua vijidudu. Ipo egnogi ya kuzeeshwa isiyopikwa, maarufu kupitia Rebecca Lancefield, mtaalamu wa bakteria wa taasisi ya utafiti ya Rockefeller huko New York, aliyekuwa akiiandaa kila mwaka na kuiacha wiki kadhaa kwenye baridi. Baadaye wanasayansi wa taasisi hiyo waliitia salmonela makusudi, na baada ya wiki tatu hawakuikuta tena. Ila kufikia asilimia 20, ambayo ndiyo hushauriwa kwa kuzeesha, nusu ya chombo chako lazima iwe pombe kali. Mimi nabaki na ya kupika, hasa penye wajawazito, wazee na watoto.

Kwa wasiotia pombe: kinachokosekana ni ule ukali unaokata mafuta, na ukiiacha bila kuziba pengo egnogi inachosha baada ya kikombe nusu. Loweka kwenye maziwa ya moto, kabla ya kuyapeleka kwenye viini, kipande kirefu cha ganda la chungwa kisicho na utando mweupe, kijiti kimoja cha mdalasini na hiliki mbili zilizopasuliwa. Funika dakika 15, chuja, pasha tena. Tumia ganda tu. Maji ya chungwa yana tindikali na yatakata maziwa. Punguza sukari iwe gramu 80. Na angalia vanila yako: ile ya maji inayouzwa Marekani kwa jina la dondoo halisi, kwa kanuni, ina pombe isiyopungua asilimia 35. Anayejiepusha kabisa atumie ganda la vanila lenyewe au ile iliyoandikwa haina pombe.

Kwa watu wa pwani, tui zito badala ya krimu linakubali vizuri sana. Puerto Rico wana jamaa ya egnogi iitwayo coquito, ya tui, maziwa mazito ya kopo, mdalasini na ramu, na wengi hawatii yai kabisa. Ukitia tui kwenye pishi hili, liingize baada ya kuondoa sufuria motoni, kama krimu. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo ukifungua friji utakuta vidonge vyeupe juu. Haijaharibika. Itoe dakika kumi kabla ya kuinywa, itikise kwa nguvu, vidonge vitasambaa.

Ute wa mayai sita uliobaki ugandishe kwenye trei ya barafu, au uufanye povu la juu: weka na sukari gramu 100 kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji yanayotokota, koroga mpaka nyuzi 71, ondoa, kisha piga mpaka usimame. Povu la ute mbichi silipendekezi, isipokuwa umepata mayai ambayo kiwanda kimeyapasha ndani ya ganda.

Ya kupikwa ikae kwenye friji siku tatu, siyo zaidi. Mezani itoe kidogo kidogo kwenye jagi; jagi lililokaa saa mbili kwenye joto la chumba halirudi kwenye friji. Itikise kabla ya kumimina, tumia vikombe vidogo vya mililita 120, na kungumanga ya juu ikwaruze mgeni akiwa ameshika kikombe.