Siku moja maishani mwangu: kazi ya kupitisha umeme mdogo kichwani

Saa 1:30 asubuhi
Nje bado giza, Januari ya kaskazini mwa Ujerumani ndivyo ilivyo. Nawahi maabara kabla ya wenzangu, kwa sababu kifaa hakimgusi mtu mpaka kwanza nikijaribu kwenye rezista, kipande kinachopinga umeme kama kichwa kinavyoupinga, na kuona mkondo unaotoka ni ule ule nilioandika. Ni mdogo sana, miliampia 1 hadi 2. Hata hivyo kichwa ni cha mtu, kwa hiyo napima kila siku.

Saa 2:30
Mshiriki wa kwanza ni mzee mstaafu. Namuuliza tena maswali aliyokwisha kujibu kwenye fomu: kifafa? chuma chochote kichwani? kifaa cha moyo? Akisema ndiyo kwa lolote kati ya hayo, namshukuru na kumwachia aende.

Kisha utepe wa kupimia. Kutoka bonde la pua hadi kinundu cha kisogoni, halafu sikio hadi sikio. Mistari hiyo inapokutana katikati ndipo utosi. Elektrodi moja, yaani kibandiko cha kupitishia umeme, naiweka hapo, nyingine kisogoni juu kidogo ya kinundu, mahali ubongo unaposhughulikia kuona. Ana upara, tumemaliza mapema.

Kabla ya kupitisha umeme wowote tunapima umeme wa ubongo wenyewe. Namwambia afumbe macho, na kwenye skrini mawimbi ya alfa, mdundo wa umeme wa ubongo uliotulia, yanapanda, manene, yamepangana. Akifumbua yanazama. Daktari wa Kijerumani Hans Berger aliyaeleza mwaka 1929 kule Jena, na mimi kila nikiyaona yakipanda bado nafurahi. Kila mtu ana mwendo wake kati ya mizunguko 8 na 12 kwa sekunde. Wa mzee ni 9.5, basi mkondo wetu, ambao unageuka mwelekeo huku na huku, nauweka kwenye 9.5. Tunataka kujua kama ubongo utaufuata.

Saa 4
Dakika 20 za umeme. Au za geresha: kwa baadhi ya washiriki mkondo unapanda sekunde chache, ngozi inawasha, halafu unazimwa kimya kimya. Mimi naingiza namba ya siri tu, sijui nani kapata nini, na lazima iwe hivyo. Ningejua, uso wangu ungemwambia.

Tukimaliza tunarekodi tena. Wakati umeme unapita huwezi kusoma kitu, unafunika kila kitu. Mwaka 2010 watafiti Zaehle, Rach na Herrmann waliripoti kwamba baada ya kuzima, alfa ya waliopata umeme wa kweli ilikuwa imeongezeka. Swali letu linaanzia hapo.

Saa 7 mchana
Chakula, na ujumbe wa mdogo wangu kutoka Dodoma. Ana mtihani wa kidato cha sita, kaona video ya mtu aliyejiunganisha betri ya volti 9 kichwani ili akumbuke masomo. “Dada, na mimi nitengeneze?” Nampigia hapo hapo. Usithubutu, mdogo wangu. Betri haina cha kuuzuia mkondo ukizidi, ngozi inaungua, na hakuna anayeweza kukuahidi kwamba utakumbuka chochote. Lala mapema, soma asubuhi. Ameniitikia “sawa dada”, ila nitampigia tena kesho.

Saa 8:30
Huyu nilimsubiri. Ni dada wa Arusha anayesoma hapa, na nywele zake zimesukwa. Katika fani hii watu wenye nywele kama zetu wamekuwa wakirudishwa mlangoni, au wakiambiwa wafumue kwanza, eti ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita kati ya elektrodi na ngozi, hautashuka. Matokeo yake tunaandika kuhusu “ubongo wa binadamu” huku tumepima vichwa vya aina moja. Jambo hili linaniuma. Mwaka 2020 Arnelle Etienne na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, Marekani, walionyesha njia: sukia nywele kulingana na mahali elektrodi zitakapokaa.

Tulikwisha kuongea kwa simu. Nilimwomba asuke twende kilioni, njia moja ipite katikati kabisa toka kwenye paji hadi shingoni, kwa kuwa utosi na kisogo vyote viko kwenye mstari huo. Kaja hivyo hivyo. Nasugua ngozi kwa pamba ya kijiti, napaka jeli ndani ya njia, naibana elektrodi ndogo ya duara kati ya mikia miwili. Ukinzani unasoma kiloomu 30, 18, 12. Naongeza jeli kidogo pembeni. 7!

“Inawasha kama upupu,” anasema mkondo ukianza, “halafu naona kama mwanga unachezacheza.”
“Pole dada. Huo mwanga unatoka machoni, retina, utando wa nyuma ya jicho, ni nyepesi kuguswa na umeme. Ukizidi niambie nizime.”
Hakuomba.

Saa 11 jioni
Naosha elektrodi, nahifadhi data. Wanaotutilia shaka wana hoja: kazi ya 2018 iliyopima kwenye maiti ilikuta takriban robo tatu ya mkondo inapotelea kwenye ngozi na fuvu. Lakini mwaka 2019 vipimo vya nyani vilionyesha seli mojamoja zikifuata mdundo wa umeme wa aina hii. Mimi naamini athari ipo, ila ndogo, na inahitaji vichwa vingi vya kila namna kabla ya mtu kuiita tiba.

Kabla ya kufunga namwandikia profesa. Kwenye tangazo letu la kutafuta washiriki, ule mstari wa “nywele zilizosukwa hazikubaliki” naomba tuufute, tuandike: ukisuka, tupigie mapema tukueleze njia zipite wapi.