Nilivyorudishiwa siku za likizo zilizoliwa na ugonjwa

Homa kali ilinikamata katikati ya likizo ya mwaka. Bosi akasema likizo ikishaanza haigeuzwi. Sikukubali: likizo ya mwaka ni ya kupumzika, na mtu anayetapika usiku kucha hapumziki.

Kilichonisaidia ni karatasi. Nilimwomba daktari aandike kwenye cheti tarehe ya kuanza na ya kumaliza mapumziko, maana "apumzike" tupu huzua mabishano. Siku hiyohiyo nikakipiga picha cheti na kukituma kwa ofisa utumishi kwa barua pepe (simu haiachi ushahidi), nikiomba siku hizo zihamishiwe likizo ya ugonjwa. Nikataja pia Mkataba namba 132 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1970: siku za ugonjwa zisihesabiwe ndani ya kima cha chini cha likizo ya mwaka, kwa masharti yatakayowekwa na nchi husika. Hauibani nchi isiyouridhia, lakini ulimfanya ofisa afungue kanuni zetu za kazi, na humo kifungu kilikuwepo.

Siku zilirudi, isipokuwa zile za mwanzo nilizojitibu nyumbani kwa dawa za maumivu. Hizo hazikuwa na cheti.