Kifungu nilichokiandika mwenyewe, na jinsi nilivyokifuta

Jumatatu ile dereva wetu wa mbio za magari aliingia karakana akanisalimia kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa mfukoni mwa jaketi, na hakuutoa hata fundi alipomrushia kitambaa. Kilimgonga kifuani kikadondoka chini. Nikamwambia apande garini, akunje usukani hadi mwisho, kushoto kisha kulia. Kushoto alifika. Kulia alikata pumzi na jasho likamtoka juu ya mdomo.

"Nimeteleza nyumbani, bosi."

Hakuwa ameteleza. Jumamosi iliyotangulia alikimbia mbio za saa sita za gokati, vile vigari vidogo vya wazi vya mashindano, tena kwa jina lisilo lake, kwa kuwa mkataba aliosaini nasi ulimkataza kushindana popote nje ya ligi yetu. Kifungu hicho nilikiandika mimi, meneja wa timu. Gurudumu la mbele liligongwa na gokati ya mwenzake, usukani ukazunguka ghafla ukampiga kifundo cha mkono.

Picha ya kwanza ya eksirei haikuonyesha kitu. Daktari akaminya kile kishimo kilicho chini ya kidole gumba, kijana akaruka kitini. Alifungwa plasta, na picha ya pili, baada ya wiki mbili, ikaonyesha ufa kwenye kifupa kidogo cha hapo. Tulielezwa kwamba kifupa hicho hupata damu kidogo, kwa hiyo huchelewa kuunga. Tukakosa raundi nne. Kilichoninyima usingizi zaidi ni kwamba raundi iliyofuata ilikuwa wikendi hiyohiyo, na alikusudia kuikimbia na mkono ule bila kumwambia mtu.

Nilikasirika sana. Usiku nikaandika kifungu kipya chenye faini nzito, na mifano ya kukitetea nilikuwa nayo. Februari 2011, Robert Kubica, dereva wa Formula 1, alishiriki rali ndogo Italia, Ronde di Andora, kabla msimu wake haujaanza. Kingo ya chuma ya barabarani ilipenya ndani ya gari na mkono wake ukanusurika kukatika. Kiti cha kudumu cha Formula 1 alikipata tena 2019. Agosti 2013, Tony Stewart wa NASCAR, ligi kubwa ya mbio za magari ya Marekani, alivunjika mguu katika mbio za sprint car, magari mepesi ya kukimbia kwenye udongo, na msimu wake ukaishia hapo. Huyo alikuwa mmiliki mwenza wa timu yake. Hakukuwa na bosi wa kumzuia.

Asubuhi nikampa kijana karatasi. Akaisoma yote, akaiweka mezani, akauliza, "Bosi, ningekuomba ruhusa, ungenipa?" Nisingempa. Alijua, nami nilijua. Kifungu changu hakikumzuia kukimbia, kilimfundisha kuficha.

Nikaanza kupiga hesabu ambayo nilipaswa kuipiga mapema. Ligi yetu ina raundi nane, na kila wikendi dereva anakaa garini kama saa mbili, mazoezi na mbio pamoja. Ni saa 16 kwa mwaka mzima. Katika mbio zile za gokati walikuwa madereva watatu kwa saa sita, maana yake kwa siku moja alipata muda sawa na wikendi yetu nzima. Kwa dereva wa umri wake, muda huo ndio chakula chake. Wanaokimbia kila Jumamosi wanajua breki ya mvua na namna ya kumpita mtu kwenye kona nyembamba. Wanaongoja raundi nane hujifunza hayo kwa kuvunja magari yetu. Mwaka 2015 Nico Hülkenberg, akiwa dereva wa Force India, timu ya Formula 1, aliruhusiwa kwenda kukimbia mbio za saa 24 za Le Mans na timu ya Porsche, na wakashinda. Halafu hatari haikai kwenye mbio peke yake. Mark Webber wa Formula 1 alivunjika mguu mwishoni mwa 2008 akiwa juu ya baiskeli, na Chase Elliott wa NASCAR alivunja wake 2023 akicheza mchezo wa kuteleza kwenye theluji. Je, ningemkataza kijana na baiskeli?

Tukakaa wawili na kuandika upya. Anayetaka mbio za nje ananiarifu siku 21 kabla. Mimi najibu kwa maandishi ndani ya siku tatu, na nikinyamaza ameruhusiwa. Hilo yeye ndiye aliyelidai, na alikuwa na haki, kwa sababu meneja anayekalia ombi amekataa bila kusema. Siku saba kabla ya raundi yetu hakuna mbio nyingine. Bima ya matibabu anaileta yeye au waandaaji, kwani yetu ilikuwa ya mbio zetu tu, na jina la uongo lilimfanya asilipiwe na yeyote. Sababu za kukataa zinatajwa wazi: tarehe kugongana, usalama wa uwanja au wa gari lenyewe, au mwili haujapona. Kipengele ninachokithamini kuliko vyote ni cha mwisho. Akigongwa, hata akijihisi mzima, ananipigia simu usiku uleule, na kwa kusema haadhibiwi. Kwa kuficha, ndiyo.

Baadaye timu nyingine zilipendekeza ligi yenyewe iwapige marufuku madereva wote kushindana nje. Nilipinga na bado napinga. Timu inamlipa dereva na ndiyo inayobaki na gari lisilo na mtu, basi iachiwe ielewane naye. Ligi ina haki ya kulinda tarehe zake na kulinda wadogo. NASCAR tangu 2011 humtaka dereva achague ubingwa mmoja wa kupatia pointi, na 2017 waliwawekea wakongwe wa Cup, daraja lao la juu, kikomo cha mbio 10 katika Xfinity, daraja la pili, ili wasiwamalizie chipukizi ushindi. Hilo naliunga mkono. Kuhusu tarehe niliwakumbusha Kyle Larson, Mei 2024: mvua ilichelewesha mbio za Indianapolis 500, akafika Charlotte kwenye mbio za NASCAR za siku ileile mwenzake akiwa amemwanzia, mvua nyingine ikazikatiza, na huko hakuendesha hata mzunguko mmoja. Timu yake angalau ilikuwa imeandaa mtu. Pendekezo lao likabadilika: anayekosa raundi alete mbadala aliyesajiliwa.

Simu ya kwanza ilikuja saa tano usiku. "Bosi, nimegongwa. Bega la kushoto. Naweza kuinua mkono lakini si juu ya kichwa." Asubuhi akaenda kwa daktari, majaribio ya Jumatano akapumzika, na raundi iliyofuata alikimbia akiwa mzima.

Sasa ombi lililo mezani kwangu ni la rali. Nimelisoma mara nyingi, na kila nikifika kwenye neno hilo naiona kingo ya chuma ya Andora. Nimeuliza kuhusu fremu ya kinga ndani ya gari, viti, msoma ramani atakayekaa naye, na barabara zenyewe. Majibu yote yamekuja vizuri. Kesho ndiyo siku ya tatu.