Koki iliyokataa kutoa, na maganda yaliyoniokoa

"Fungua koki yote, itatoka tu." Ndivyo alivyoniambia jamaa mmoja anayejiita mzoefu wa kutengeneza bia nyumbani, kuhusu koki ya chini ya sufuria inayotoa maji matamu ya nafaka zilizolowekwa. Nikamsikiliza, nikakesha.

Ilikuwa bia ya ngano, kilo 5 za nafaka: 2 za kimea cha shayiri, 2 za kimea cha ngano, na 1 ya oti zilizopondwa bapa. Kwa tamaa ya kukamua sukari yote, nilisaga laini mpaka unga ukaniingia puani. Nilijiona fundi. Kumbe ganda la shayiri ndilo hulala chini ya sufuria na kuwa chujio, na mimi nilikuwa nimelisaga likawa vumbi. Ngano haina ganda la kusaidia. Oti nazo zina betaglukani, ule utelezi unaoufanya uji wake uvutike. Kwa hiyo chujio niliharibu mwenyewe, gundi nikaongeza mwenyewe.

Baada ya kuziloweka nafaka saa moja kwenye maji ya nyuzi 66 nikafungua koki yote kama nilivyoagizwa. Ikatoka glasi moja, ikawa uzi, ikawa matone, kimya. Nikakoroga, ikatoa kidogo, ikanyamaza tena. Hapo nikapata akili ya ajabu: nikachomeka mpira kwenye koki, nikapuliza kwa mdomo. Machicha yakabubujika, yakapumua, nami nikafurahi sana, nikatoa mdomo bila kuubana mpira. Yale maji matamu ya moto yakanirudia kidevuni, kwenye shati, mpaka soksi. Nilimalizia kwa kuchota na kikombe na kukamua kwa kitambaa hadi saa nane usiku. Bia ilitoka na rangi ya maji ya kufulia. Niliinywa yote kwa ukaidi.

Ukifungua koki yote, maji yanakimbia chini na kuyavuta machicha, yanashindiliwa kama tofali. Siku hizi nafungua robo tu, na mitungi ya kwanza yenye mawingu nairudisha juu taratibu, naimwagia kwenye sahani niliyoweka juu ya machicha ili isichimbe shimo.

Dawa yenyewe ni maganda ya mpunga. Kwa kilo 5 naweka nusu kilo. Kama ngano ni kidogo, robo inatosha. Hayana sukari wala ladha. Yaoshe vumbi liishe, uyaloweke kabisa, maana yakiingia makavu yatakunywa maji yako. Yuko aliyeniambia niyatandike chini kama godoro. Nikatandika, nikakoroga mara moja, godoro likaelea. Changanya na nafaka zote, basi.

Shayiri nainyunyizia maji kidogo kabla ya kusaga, gramu 20 hivi kwa kilo, naiacha dakika kumi. Ganda linalainika, linapasuka vipande vikubwa badala ya kuwa unga. Ngano nasaga peke yake. Na mahindi au mchele mbichi chemsha kwanza, wanga wake haufunguki vizuri kwenye joto la kulowekea kimea.

Oti zikiwa nyingi, naanza na nyuzi 40 hadi 45 kwa dakika 20, ule utelezi ukatike, ndipo napandisha. Mwishoni napandisha tena hadi 76, maji yanakuwa mepesi kama asali iliyopashwa. Usizidishe sana, maganda yatatoa ukakasi.

Na ikikata hata hivyo? Huu mchezo naupenda kuliko bia yenyewe. Naweka ndoo ya maji ya nyuzi 76 juu ya kiti, ipite kimo cha sufuria, nayashusha maji kwa mpira uliojaa hadi kwenye koki, nafungua. Maji yanaingia kwa chini. Kwanza haionekani kitu. Kisha uso wa machicha unavimba katikati, unapasuka ufa mmoja, na mzigo wote unanyanyuka polepole kama mtu aliyeamshwa bila kupenda. Lita mbili tatu zinatosha. Nafunga, naacha dakika kumi yatulie, nafungua robo.

Juzi nimejaribu rai, nafaka inayofanana na ngano, nusu ya nafaka zote, na rai inanata kuliko hata oti. Ilichukua saa moja na nusu kushuka. Nilikaa kwenye kigoda nikiutazama ule uzi mwembamba, mpira wangu wa kupulizia ukiwa umening'inia ukutani, mkavu.