Elfu moja kwa saa, nipigwe

"Mwanangu, unalipa elfu nzima ili upigwe?"

Mwenye banda la gemu aliniuliza hivyo mwezi wa pili, na vijana waliokuwa wanasubiri zamu ya mpira wakaangua kicheko. Banda liko Ngamiani, Tanga, barabara ya 12: televisheni tatu, feni moja, padi zilizofutika herufi. Wote pale wanacheza mpira. Mimi peke yangu nina Sekiro, gemu la mwaka 2019 la FromSoftware ya Japani, na nilikuwa nimekwama kwa Genichiro, bosi mwenye upanga anayekusubiri juu ya ngome ya Ashina. Wiki mbili. Nikitoka kazini napita, nalipa saa moja, nakufa mara 15, napanda baiskeli narudi zangu Makorora.

Kumbe nilikuwa nampumzisha mwenyewe. Dark Souls, gemu jingine la kampuni hiyohiyo, ilinizoesha kumzunguka adui na kumdonoa kidogo kidogo hadi aishe. Huku adui ana uhai, lakini ana na mstari wa pili, wa kuyumba. Kila ukikinga upanga wake kwa wakati barabara, mstari unapanda. Ukijaa, anapoteza mizani na unamchoma. Ukimkimbia, anapata pumzi na mstari unashuka. Nami nakimbia, halafu nalalamika jamaa hachoki!

Jumamosi moja kelele za mpira zilizidi, nikaazima hedifoni. Ndipo nikasikia. Ukikinga ovyo, panga zinagongana kwa mlio mzito, kama sufuria iliyoanguka. Ukikinga kwa wakati, chuma kinalia kwa ukali na cheche zinaruka. Yale mapigo yake marefu, ambayo siku zote niliyaona fujo tupu, yana mdundo. Nikaacha kumkodolea macho, nikawa namsikiliza.

Yapo magemu magumu nisiyoyaheshimu. Unapandisha ugumu, adui yuleyule anakula risasi 40 badala ya 10. Umeongezewa kibarua tu. Kwa Genichiro kila nikifa najua kilichoniua: nimebonyeza L1, kitufe cha kukinga, mapema, au nimeingiwa na tamaa ya pigo la tatu. Na nikifa narudi karibu na mlango wake, kosa likiwa bado la moto kichwani. Lingekuwa linanirudisha nyuma dakika kumi kila mara, wallahi ningeshaliacha. Ila halina pa kupunguza ugumu, na kwa mtu mwenye vidole vinavyouma huo ni mlango uliofungwa. Hapo sina la kulitetea.

Jumapili nikamchoma pigo la mwisho mara mbili, maana la kwanza halimmalizi, nikaweka padi chini. Kumbe bado: akavua deraya, akaanza kurusha radi. Nikiwa bado nimeduwaa, umeme ukakatika mtaa mzima.

Jumatatu nikarudi. Radi yake unairukia, unaipokea ukiwa hewani, unamrudishia kabla miguu haijagusa chini. Ukitua nayo, imekula kwako. Ya kwanza ilinila. Ya pili nikamrudishia, akaganda, nikamalizia.

Vidole vilikuwa vinatetemeka. Nikageuka kutafuta shahidi. Alikuwepo mtoto mmoja tu, amekalia kreti la soda.

"Kaka, umemaliza gemu?"

"Bado sana."

"Dakika kumi zimebaki," akasema mwenye banda. "Wapishe wa mpira."